Safari ya Ngazija na ndugu zake: anza na maji, mlima utakuja baadaye

Huku kwetu Dar na Unguja karibu kila mtaa una familia ya Kingazija, ila ukimuuliza mtu Ngazija kwenyewe kukoje anakwambia eti mbali, wakati ndege kutoka Dar ni kama saa moja na nusu tu na ukifika unakuta watu wanaongea lugha ambayo nusu yake unaidaka bila kusoma popote. Mimi nimeenda mara mbili. Mara ya kwanza nilienda kishamba kabisa, nikakimbilia mlima wa moto, nikapiga picha, nikarudi sijui chochote. Mara ya pili nikatulia, nikagundua kwamba visiwa hivi historia yake imeandikwa kwenye mawe, yaani ukijua kisiwa kipi kilianza kutoka baharini na kipi kimefuata, utaelewa kwa nini huku kulikuwa na masultani kumi na ushee, kule Waingereza walipenda kutia nanga, na kule kwingine Mfaransa alifika akaganda mpaka leo. Kwa hiyo haya nayoandika hapa ni kwa mtu anayetaka kwenda na kurudi na kitu kichwani.

Kwanza tuwekane sawa kwenye majina maana yatakuchanganya kwenye tiketi. Visiwa ni vinne, Ngazija (kwenye tiketi Grande Comore), Mwali (Mohéli), Nzwani (Anjouan) na Maore (Mayotte). Vitatu vya kwanza ndiyo nchi ya Muungano wa Komoro, cha nne kiko chini ya Ufaransa, na hiyo ni stori ndefu tutaifikia. Vyote vimetoka kwenye volkano, lakini umri hauko sawa. Maore ndiyo mzee, ana mamilioni ya miaka, amechakaa, amekuwa mfupi na ana ziwa kubwa la bahari lililozungukwa na matumbawe. Ngazija ndiyo mtoto, bado anatema moto. Shika hilo.

Mambo ya njiani niyamalize haraka. Visa unapata ukifika eapoti ya Hahaya, kama kilomita 20 hivi kaskazini ya Moroni, mji mkuu, ila angalia masharti ya pasipoti yako kabla hujakata tiketi. Pesa yao ni faranga ya Komoro na imefungwa kwenye yuro kwa faranga 491.96775, kwa hiyo beba yuro taslimu, tena noti ndogondogo. Usije ukategemea kadi kama mimi, nilifika mashine ya kwanza ikaitema kadi, ya pili haina hela, nikashinda na mkate mpaka jioni nilipokopeshwa na mwenye gesti. Miezi ya kwenda ni Mei hadi Oktoba, kipindi cha kusi, kukavu na kuna ubaridi kidogo. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni joto na mvua, na kimbunga kikiamua kuja kinakuja, Kenneth ilipita hapo Aprili 2019 ikaacha nyumba bila mabati. Malaria ipo, beba dawa ya mbu. Nchi ni ya Kiislamu, madhehebu ya Shafii kama pwani yetu, kwa hiyo vaa kwa stara, pombe usiitafute hadharani na ukienda Ramadhani jua kabisa mchana hakuna mgahawa wa kukusubiri wewe.

Lugha sasa. Kiswahili na Shikomori ni ndugu wa damu ila ndugu wenye visa. Ukipewa chai ukasema asante watakuelewa, ila wao wanasema "marahaba", mimi siku ya kwanza kila mtu akiniambia marahaba nilikuwa nashangaa mbona sijamwamkia. Na "fundi" kwao ni mwalimu, hasa wa dini, usije ukamuita fundi wa bomba ukamtafuta msikitini. Mkubwa unamwamkia "kwezi", naye anakujibu "mbona". Hilo neno moja limenifungulia milango kuliko Kifaransa changu chote cha kuungaunga. Kifaransa utakihitaji ofisini na kwenye makaratasi, mtaani Kiswahili kinapita hasa kwa wazee, wengi waliwahi kuishi au kufanya biashara Unguja, Mombasa au Dar.

Haya, siku ya kwanza usiende mlimani. Panda taksi ya kuchangia, nenda kijiji chochote nje ya Moroni na uangalie watu wanapata wapi maji. Naongea serious. Ngazija ni kisiwa kikubwa, mvua inanyesha kweli kweli, lakini hakuna mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mawe ya volkano bado machanga yana matundu kama sponji, maji yakidondoka yanazama moja kwa moja. Kwa hiyo kila nyumba ya zamani ina birika la mawe pembeni na bati la paa limeelekezwa humo. Nilikaa kwa bibi mmoja, akanifunulia birika lake, kina chake mtu anazama, maji meusi yametulia na juu yanaelea majani mawili ya mwembe, akachota kwa kopo lililofungwa kamba akaninawisha mikono yeye mwenyewe kisha akalifunika tena haraka kama anafunika sanduku la dhahabu. Nikamuuliza mwaka 2005 ilikuwaje. Akaonyesha paa kwa kidole, akafanya vile mtu anavyopepeta unga. Mwaka ule Karthala, ule mlima wa moto wa Ngazija, ililipuka mara mbili, Aprili na Novemba, majivu yakashuka juu ya mapaa na kuingia kwenye mabirika, watu wakajikuta wamekaa juu ya maji wasiyoweza kuyanywa. Pale ndipo nilipoelewa mlima ule kuliko nilivyouelewa nilipokuwa juu yake.

Na hilo la maji ndiyo ufunguo wa historia ya Ngazija. Hakuna mto, hakuna bonde kubwa la kulima mpunga, hakuna bandari ya maana, hata leo pale Moroni meli kubwa zinakaa nje na mzigo unashushwa kwa matishari. Watu wakakaa vijiji vijiji ukingoni mwa bahari na kila upande ukawa na mwenyewe, Bambao, Itsandra, Mitsamihuli, Washili, Badjini na wengine, wakipigana wao kwa wao kugombea cheo cha Ntibe, yule sultani wa juu ya masultani. Wa mwisho alikuwa Said Ali bin Said Omar wa Bambao, huyu akatafuta mgongo kwa Wafaransa ili awashinde wenzake, mwaka 1886 kisiwa kikawa chini ya himaya yao na Mfaransa mmoja mtaalamu wa mimea anaitwa Léon Humblot akajikatia ardhi kubwa ya kupindukia. Ukitaka kukaribisha mkubwa kuamua ugomvi wa nyumbani, andaa na chumba cha kulala maana haondoki.

Mjini Moroni tenga nusu siku kwa makumbusho ya CNDRS, hicho ndicho kituo cha taifa cha nyaraka na utafiti. Ni padogo, usitegemee mataa na vioo vya Ulaya, ila yupo yule samaki gombessa aliyehifadhiwa na ukimwona uso wake utakaa kimya kidogo. Huyu wanasayansi walidhani amekwisha tangu enzi za dinosaria, akaonekana wa kwanza Afrika Kusini mwaka 1938, wa pili akavuliwa Nzwani Desemba 1952 na ndege ya jeshi la Afrika Kusini ikatumwa kumfuata. Wavuvi wa huku walikuwa wanamjua siku zote, jina wanalo, nyama yake tu hawaipendi. Kituo hicho hicho ndicho kinaangalia mlima, kwa hiyo uliza hali ya Karthala papo hapo kabla ya kupanda.

Ukitoka hapo shuka msikiti wa zamani wa Ijumaa pale bandarini, wenyewe wanautaja mwaka 1427, mnara wenyewe ni wa juzijuzi tu, 1921. Angalia ukutani, chokaa nyeupe juu na pembeni mawe meusi ya lava. Halafu ingia mji wa ndani, utakuta bangwe, yaani uwanja wenye mabenchi ya mawe wanapokaa wakubwa. Hapa kuna adabu yake, usikae tu popote, maana nafasi inaendana na ada. Ada ndiyo ile harusi kubwa, mtu anaweza kuoa kwa kawaida akiwa kijana halafu akatumia miaka ishirini anakusanya hela, wengine wako Marseille huko, ili aje afanye ada na awe "mtu mzima" kamili wa kusikilizwa kijijini. Na kitu kimoja kilichonishangaza, pamoja na Uislamu wote huo nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anahamia, na kuna ardhi za manyahuli zinazorithiwa kwa upande wa kike tu. Subiri ukaribishwe ukae, ukikaribishwa usiwe na haraka.

Kusini kidogo kuna Ikoni (wanaandika Iconi), mabaki ya jumba la sultani na jabali juu ya bahari. Mwanzoni mwa karne ya 19 maharamia kutoka Madagaska walikuwa wanakuja na mitumbwi mingi kuteka watu wakauze utumwani, na inasimuliwa wanawake wa Ikoni walijirusha kutoka jabali lile kuliko kukamatwa. Usiende pale kupiga selfi. Kaskazini kuna Ntsaweni ambako wanaonyesha kaburi la Mtswa Mwindza, anayesimuliwa kuwa ndiye aliyeleta Uislamu, na mbele zaidi Mitsamihuli, ghuba ndogo wanayoiita Trou du Prophète, na ziwa la chumvi ndani ya kreta karibu na Bangwakuuni. Ziwa lile lina rangi ya ajabu, lipe robo saa, inatosha. Na Itsandra usiipite hivi hivi kama wewe ni wa pwani, hapo ndipo alipozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumeit mwaka 1861, yule aliyekuja kuwa kadhi mkubwa Unguja akafariki 1925.

Sasa mlima. Karthala ina mita 2,361, na juu kuna bakuli la kilomita tatu kwa nne hivi na ndani yake shimo la Chahale. Kabla ya kupanda nenda kwanza Singani upande wa kusini magharibi, Aprili 1977 ardhi ilipasuka ubavuni, siyo kule juu watu walikokuwa wanakutazama, lava ikapita katikati ya kijiji mpaka baharini. Leo utaona nyumba mpya zimejengwa juu ya lava ile ile na migomba imeota kwenye nyufa. Kiongozi tafuta kijiji cha Mvuni juu ya Moroni au uulize gesti, mkubaliane bei, nani anabeba chakula na mnalala wapi, yote kabla hamjaondoka. Kuna wanaopanda na kushuka siku moja, mimi nasema lala, tena hema liwe zuri maana usiku baridi yake siyo ya Komoro unayoijua.

Kosa langu lilikuwa maji. Nilibeba lita tatu nikajiona mjanja. Mlima huu kumbuka hauna chemchemi wala kijito, sababu ni ile ile ya birika la bibi. Tulianza alfajiri kwenye mashamba ya migomba, tukaingia msitu wenye ukungu na miti imevaa ndevu, ukitoka hapo unakuta vichaka vifupi vigumu na changarawe nyeusi inayoteleza, unapiga hatua mbili unarudi moja. Saa sita nilikuwa nimebakisha nusu chupa. Kiongozi akanitazama, akacheka bila sauti, akatoa dumu lake la lita tano akasema, "Kaka, huku juu mvua ni ya mlima, siyo yako." Beba lita tano au sita kila mtu, na usimnyang'anye kiongozi za kwake. Ukifika ukingoni asubuhi kabla mawingu hayajapanda unaona chini jivu la kijivu limejaa tambarare, huku na huku mvuke unafuka, kimya. Kabla ya 2005 mle shimoni kulikuwa na ziwa, likaondoka na mlipuko, baadaye ikaonekana lava nyekundu inachemka, mara ya mwisho kulipuka ikawa Januari 2007. Usishuke ndani peke yako kwa sababu tu umeona nyayo za mtu. Na usiku ukisikia filimbi ya ndege gizani usiogope, kuna bundi mdogo anaishi Karthala tu, duniani kote hayupo pengine.

Historia ya karibuni utaisikia kwenye mabenchi, vitabu vichache. Kuna sababu. Uhuru ulitangazwa Julai 6, 1975 na Ahmed Abdallah, hata mwezi haujaisha akapinduliwa, akaja Ali Soilihi, kijana mwenye mawazo ya kimapinduzi, akapiga marufuku ada, akawapa vijana madaraka na kumbukumbu za serikali zikachomwa moto. Kwa hiyo mzee anayekumbuka ndiye maktaba. Na usisahau kipindi chake ndiyo Wangazija walichinjwa Mahajanga, mji wa Madagaska, Desemba 1976, waliookoka wakarudishwa kwa ndege za Sabena, shirika la Ubelgiji, mpaka leo wanaitwa Masabena, halafu miezi michache baadaye Singani ikaungua. Mei 1978 mamluki Mfaransa Bob Denard akaja na watu kama hamsini kwa boti, yule yule aliyemsaidia Soilihi, akamrudisha Abdallah. Ukiuliza haya uliza kwa upole na usiulize kwanza "ulikuwa upande gani".

Mwali sitasema mengi, ni kadogo na katulivu, boti au kindege kinakufikisha Fomboni. Nenda Itsamia usiku na walinzi wa kijiji ukaone kasa wanapanda kutaga, zima tochi, zima flashi. Historia yake ni Jumbe Fatima, malkia wa karne ya 19, baba yake mtu wa Madagaska, alisukumwa na Wafaransa huku na Unguja kule, na kila upande ukimtafutia mume au mshauri. Kuhusu boti za kati ya visiwa, ikiwa imejaa kuliko akili yako inavyokubali, acha ipite. Mimi nilisubiri siku mbili na sijuti.

Nzwani ndiyo penyewe kama unapenda miji. Hapa volkano imezeeka, milima imechongwa na mvua, kilele cha Ntringi kina mita 1,595, na kuna mito. Maji matamu na nanga nzuri, basi meli za Waingereza za kwenda India zikawa zinasimama hapo, wakakiita Johanna, wananunua ng'ombe na matunda. Ndiyo maana Mutsamudu ina vichochoro na milango ya nakshi kama Mji Mkongwe, na ngome juu yake ya karne ya 18 yenye mizinga bado, iliyojengwa kwa ajili ya wale wale maharamia wa Madagaska. Panda jioni. Wale "watu wa Johanna" waliomtoroka Livingstone mwaka 1866 wakaenda kutangaza Unguja kwamba amekufa, walitoka hapa, na ukitaja utapata vicheko. Wanawake wanajifunika shiromani nyekundu na nyeupe, omba ruhusa kabla ya picha. Mashambani uliza wanapochemsha langilangi, maua yanachumwa asubuhi mapema na pipa linafukiwa kuni mpaka mafuta yatoke, harufu inaingia kwenye nguo na haitoki wiki nzima. Ukifika Domoni kuna kaburi la Ahmed Abdallah, aliuawa ikulu Novemba 26, 1989. Kisiwa hiki pia kilijitenga mwaka 1997, na Machi 2008 jeshi la Umoja wa Afrika lenye askari wetu wa Tanzania ndani yake likaja kumtoa Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa. Wakijua umetoka Bongo hiyo mada itakuja tu.

Maore sasa. Mfaransa alikinunua mwaka 1841 kwa sababu ya lile ziwa la bahari, meli zinajificha ndani ya matumbawe. Kura ya Desemba 1974 visiwa vitatu vikasema uhuru, Maore wengi wakakataa, tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Visa ya Komoro haikuingizi huko, na ya Ulaya ya kawaida usidhani inatosha, uliza ubalozi. Tangu 1995 hata ndugu wa Nzwani anahitaji visa kwenda kumwona dada yake, ndiyo maana kuna vile viboti vya kwasa vinavyovuka usiku na watu wengi sana wamezama humo. Usipande, hata kwa stori.

Kama huendi Maore, nenda pwani ya mashariki ya Nzwani asubuhi kukiwa safi utakiona kwa mbali. Nilimwonyesha dereva wangu nikajifanya mtaalamu, nikasema kile ndicho kizee, volkano yake imekufa zamani. Akaniangalia. Akanikumbusha Mei 2018 ardhi ya Maore ilianza kutetemeka wiki kwa wiki watu wanalala nje, mwaka uliofuata meli ya utafiti ikakuta volkano mpya kabisa chini ya bahari kama kilomita 50 mashariki, imeinuka mita mia nane na zaidi kutoka sakafuni, wakaipa jina Fani Maore. "Hicho kizee chako," akasema, "kimezaa."